Ujumbe wa Sauti kutoka Matamba

Nehemia, unasikia hicho kishindo?
Si radi. Ni mguu wangu juu ya kiki,
mara ya kumi na moja sasa, na Boksa inakohoa tu
kama mzee aliyeamshwa kwa kesi isiyomhusu.
Mama ametoka na birika. Nimeimwagia kabureta maji ya moto,
mvuke ukapanda, nikauinamia, nikaota uso,
kisha nikaiomba injini radhi kwa kuidokolea.

Sakitu imelala juu ya kiti usiku kucha.
Nimeikwangua kwa kadi ya bima ya afya,
ndiyo kazi yake ya kwanza tangu niilipie.
Viazi vya Luvanda vyote vimeungua,
majani meusi tii, ungedhani moto umepita.
Hujasahau, eh? Huku kwetu baridi inaunguza.

Jana umenitumia sauti iliyokauka:
unapeleka biriani ghorofa ya thelathini,
digrii arobaini na tisa, lami inang'ang'ania soli,
helmeti ni sufuria, ukasema, na kichwa ndicho kiazi.
Ukigusa tangi unaacha ngozi.
Nikacheka. Kisha nikagusa tangi la kwangu
na kidole kikashindwa kuniambia
kama hicho kilikuwa moto au barafu.

Leo nimempakia nesi Atuganile.
Amekumbatia sanduku la bluu la chanjo,
na ndani yake, ndugu yangu, kuna barafu.
Nikamwambia, dada, barafu ya nini Julai hii, Makete hii?
Si ungefungua tu mfuniko?
Hakucheka. Joto linaiua, akasema,
na ikiganda pia imekufa.
Akavua kitenge chake, akaliviringisha sanduku,
yeye akabaki na sweta.

Kumbe hata dawa inatafuta pale katikati
ambapo mimi na wewe hatupo.

Tukaondoka. Gazeti la wiki iliyopita kifuani,
soksi za mpira mikononi, na mbele ya usukani
kidumu cha mafuta ya kupikia nilichokipasua
kiukinge upepo. Usinicheke,
wewe uliyejifunga kilemba chenye maji
hata macho yakabaki mawili tu kama ya mwizi.
Nami nimebaki na macho mawili.
Tukipigwa picha leo, Mama hatatutofautisha.

Ukungu, Nehemia! Ukungu wa kukata kwa panga.
Taa yangu ilifika mkono mmoja, ikarudi.
Nikaendesha kwa masikio: honi kila kona,
kisha kimya, kisha Fuso la viazi likachomoza
bila taa, bila haya,
nikaingia kwenye nyasi, na nyasi zikavunjika
kama vioo chini ya tairi.
Nesi hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sanduku?"
"Lipo."
"Basi twende."

Vidole viliponigomea breki, nikasimama,
nikavipeleka kwenye ekzosi,
nikasikia soksi inanuka kuungua
kabla sijasikia chochote chini yake.
Hapo nikakukumbuka. Katika sanduku lile kulikuwa na barafu nne.
Moja ingekutosha kisogoni
toka mgahawani hadi kwa mteja.
Ningekuibia, wallahi, kama kungekuwa na njia.

Tumefika Ujuni saa tatu na nusu.
Kina mama wamejipanga ukutani, upande wa jua
(jua lenyewe halikuwepo, lakini upande ulikuwepo),
watoto wamefungwa hadi puani.
Mmoja akaniona nashindwa kufungua mkanda wa helmeti,
akanifungulia kama mwanawe,
akatoa kiazi cha kuchemsha kwenye kapu, kinafuka.
"Kishike kwanza," akasema. "Usikile."

Nimekishika, Nehemia. Mkono huu, kisha huu.
Nikakiweka shingoni. Nikakirudisha mkononi.
Kilipopoa ndipo nikakila, na maganda yake.

Nijibu ukipata kivuli.